Mtoto amekariri maneno ya Kiingereza lakini kuongea hawezi, jaribu hivi

Dadangu wa Kakamega, umeuliza mbona mtoto wako wa gredi ya tatu anapata spelling zote lakini ukimwambia aongee Kiingereza anakuangalia tu. Mimi nafunza tuisheni hapa Kisumu, wengi ni watoto wa ploti za Manyatta, na hiyo kitu naiona kila saa. Shida si mtoto, shida ni ile listi. Anapewa "cup, spoon, bucket" anakariri kama namba ya simu, na hakuna siku ameambiwa aseme chochote kuhusu hiyo ndoo.

Chati mimi sinunui. Nachukua kitu chenye kiko kwa nyumba, tuseme jerikeni ya maji, naiweka katikati na nauliza maswali yale yale: ni ya rangi gani, imetengenezwa na nini, iko na nini na nini, kazi yake ni gani. Mwanzo wanatoa neno moja moja, "yellow", "plastic", wacha tu, usiwaharakishe. Sentensi naweka mimi, "It is made of plastic. It has a handle and a lid", nao wanarudia huku wameshika mkono wa jerikeni na wanafungua kifuniko. Mmoja akasema "It is for carry water", sikumkatiza, nikasema tu "Yes, it is for carrying water" tukaendelea, na mwenye alifuata akasema carrying bila kuambiwa. Ukianza kumweleza mtoto wa miaka nane mambo ya sarufi hapo utampoteza. Akisema "a yellow big jerrycan" pia mrudishie tu "a big yellow jerrycan", ukubwa kwanza halafu rangi, sikio litazoea lenyewe. Sasa kuna kasichana kengine kakachungulia ndani kakasema "It is empty because no water in the tap", na kweli mfereji ulikuwa umekauka tangu asubuhi, wote wakacheka, na hiyo "empty" hakuna mwenye ameisahau mpaka leo.

Wakishazoea, ficha vitu kwa mfuko, mtoto aingize mkono aeleze bila kutaja jina, wengine wakisie. Hapo ndio rough, smooth, soft, hard zinatoka kwa sababu macho hayasaidii. Mswaki, kipande cha sabuni, gunzi la mahindi (visu na wembe peleka mbali bana). Omena kavu nayo ilinisaidia sana juu zikiwa nyingi huwezi sema "it", ni lazima "They are small. They are dry. They smell." Unga ndio kinyume, hauhesabiki, kwa hivyo ni "some flour" ama "a cup of flour".

Kuna ndugu mwingine amekujibu kwamba upige lugha ya mama marufuku kwa nyumba, hapo tunakosana. Hata ripoti ya Gachathi ya 1976, ile ya kamati ya serikali ya Kenya kuhusu elimu, ilipendekeza watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kikiwa somo. Mtoto akikwama wacha aseme kwa Kiluhya ama Kiswahili, wewe umpe lile neno la Kiingereza papo hapo akiwa analihitaji, ndio linashika. Ukimnyamazisha utapata kimya tu, na hicho kimya ndicho kimekuleta hapa.

Umesema pia Kiingereza chako si kizuri. Haina noma, sentensi zenyewe ni tatu nne tu, na matamshi unaweza kusikiliza kwa kamusi ya simu mkiwa pamoja. Sisi Wajaluo hiyo "sh" hatuna, "fish" inatoka "fis" na watoto wangu wananicheka, tunabonyeza simu, tunarudia. Anza na vitu vya jikoni kwanza, mambo ya under, behind na between mtaingia akishaongea bila kuogopa.