Ukitaka kuandika stori ya kutisha, mzuka mfiche kwanza

Miaka mitatu nimeandika stori za majini kwenye ukurasa wangu wa Facebook, vipande vipande, kila mwisho "itaendelea", na kila stori jini lilikuwa limeshatokea kabla msomaji hajamaliza mstari wa tatu, macho mekundu, kwato, kucha, damu inachuruzika ukutani, yaani nilikuwa namwaga kila kitu siku ya kwanza. Sehemu ya kwanza watu wanajaa. Ikifika ya sita nimebaki na shangazi yangu na wale wauza dawa za nguvu za kiume kwenye komenti. Siku moja dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, akaniandikia: "Kaka mwandishi, jini lako tumeshalizoea, sasa hivi kama jirani tu, likipita tunalisalimia." Niliumia aisee. Ila alisema kweli.

Kilichonitoa hapo ni kitabu cha mtumba nilichokiokota kwa wale jamaa wanaopanga vitabu chini pale Posta. The Woman in Black, cha mama mmoja wa Kiingereza, Susan Hill, kilitoka 1983. Chembamba, na bei ilikuwa ya maji ya kunywa, sitaki kudanganya kwamba nilikuwa najua ninachokinunua.

Stori yenyewe ukiisimulia haraka wala haitishi. Kijana mwanasheria wa London, Arthur Kipps, anatumwa na bosi wake aende mji mdogo huko pwani akahudhurie mazishi ya bibi kizee mmoja mteja wao, halafu apekue makaratasi yaliyobaki nyumbani kwa marehemu. Kazi ya ofisi kabisa, mafaili na treni na chai. Kanisani kwenye mazishi anamwona mwanamke kavaa nguo nyeusi za kizamani, amekonda mpaka ngozi imegandana na mfupa, kijana wa watu anamwonea huruma, anadhani ni mgonjwa. Wakitoka anamuuliza mwenyeji wake, yule mama ni nani, na mwenyeji anaganda palepale, rangi imemtoka.

Basi. Hakuna kingine. Mwanamke hajapiga kelele, hajaruka, hajafanya lolote, kasimama tu. Mimi nilisoma hiyo sehemu nikarudia mara mbili maana nilihisi nimepitwa na kitu, kumbe kilichonitisha siyo yule mwanamke, ni sura ya huyo mwenyeji. Hapo ndipo ushauri wangu wa kwanza ulipo: usituonyeshe mzuka, tuonyeshe mtu anayemjua mzuka na hataki kusema. Kwenye stori zangu kila mtu alikuwa anapiga mayowe, hakuna aliyekuwa ananyamaza.

Halafu ile nyumba ya marehemu. Inaitwa Eel Marsh House, sisi tungesema Nyumba ya Kinamasi cha Mikunga (mkunga yule samaki mrefu kama nyoka, siyo mkunga wa uzazi, ingawa ukishaimaliza riwaya na kujua habari za mama na mtoto zilizomo utaona hata hiyo maana ya pili ingekaa vizuri tu). Iko peke yake katikati ya kinamasi cha maji chumvi na njia ni tuta moja tu, maji yakijaa tuta linazama, ukiwa ndani huko umefungiwa mpaka yapwe. Sasa msomaji wa bara anaweza kuipita hiyo lakini mtu aliyekulia pwani anaelewa mara moja, maana anajua maji hayabembelezwi, huwezi kuyaambia nina haraka. Mwandishi hakuhitaji kufunga mlango kwa uchawi. Bahari imemfungia Arthur.

Na kuna ukungu. Arthur anaamua kutembea kwa miguu kurudi mjini, ukungu wa baharini unamshukia ghafla haoni hata mikono yake, na humo ndani anasikia kigari cha farasi, kwato, magurudumu, halafu sauti inabadilika, farasi analia, maji yanavuta, tope linameza, na mtoto anapiga kelele. Haoni chochote! Ukurasa mzima ni masikio. Nilikuwa nimelala chali nasoma kwa tochi ya simu maana umeme ulikatika, na nasema bila aibu nilikaa kitako nikaegemea ukuta ili mgongo usibaki wazi.

Nikaanza kufuatilia hii kitu Waingereza waliitoa wapi. Kumbe kwao stori za mizuka ni mambo ya Krismasi. Sisi Desemba tunatoka jasho, kwao jua linazama saa kumi jioni, usiku mrefu, watu wamezunguka moto hawana pa kwenda, ndiyo wanatishana. Charles Dickens, mwandishi wao maarufu, alitoa ile ya mzee bahili na mizuka yake 1843. Halafu akaja M. R. James, msomi wa Cambridge, huyu mizuka ilikuwa kama burudani yake, anaandika stori moja, Krismasi inafika anawaita marafiki chumbani, anawasomea kwa mwanga wa mshumaa. Kitabu chake cha kwanza cha stori hizo kilitoka 1904. Huyo mzee alishikilia mambo mawili, mzuka awe mbaya kweli siyo wa kuonewa huruma, na mwandishi ajizuie asimwage damu hovyo. Susan Hill kaichukua hiyo mila mzima mzima, hata riwaya inaanza mkesha wa Krismasi, vijana wa kambo wa Arthur wanasimuliana stori za mizuka wanamwambia na wewe baba toa yako, anakasirika anatoka nje.

Sasa ukitaka kuisoma. Usianze na ile filamu ya 2012 aliyoigiza Daniel Radcliffe, siyo mbaya lakini inakurusha kwa kelele na mwisho wameubadilisha. Kurasa za mwanzo zinaenda polepole na Kiingereza chake ni cha kizamani kwa makusudi, vumilia, usiruke, maana kila anachokitaja huko mwanzo kitarudi. Soma usiku, simu weka mbali (kama umeme upo). Na mwisho wake usimruhusu mtu akuambie, mimi nimeshagombana na rafiki kwa hilo.

Kasoro ipo. Mji mzima unajua na hakuna hata mmoja wa kumkalisha chini kijana akamwambia, bwana mdogo, usilale kule, sababu ni hii na hii. Wanamzungusha tu. Na yeye mwenyewe mbishi mno, kaona alichokiona bado anarudi na mbwa wa kuazima eti amalize makaratasi. Kwetu angeshaitiwa shehe.

Lakini kumbuka hii kitu iliingia jukwaani mwaka 1987 huko Scarborough, mji wa pwani Uingereza, kama mchezo wa kujazia msimu wa Krismasi, waigizaji wawili ndio wanaobeba mchezo mzima, baadaye ukaenda London ukakaa ukumbi mmoja kuanzia 1989 mpaka 2023, zaidi ya maonyesho 13,000. Waigizaji wawili na giza. Mimi nilikuwa nahitaji majini saba na joka la vichwa viwili.

Basi nikafuta stori niliyokuwa naiandika nikaanza upya. Mwanamke amehamia nyumba ya urithi karibu na mto Pangani, kisima kipo uani, kila usiku baada ya kivuko kusimama anasikia ndoo inavutwa, kamba inalia kwenye gurudumu, ndoo inatua, maji hayamwagwi. Asubuhi kamba kavu. Sehemu nne hakuna mzuka. Wasomaji walipungua kwanza, lazima niseme, wengine wakauliza jini liko wapi, shangazi akanipigia simu kuuliza kama naumwa.

Sehemu ya tano niliiposti saa nne usiku. Saa nane kasoro yule dada akaandika: "Kaka, hiyo ndoo nani anaivuta? Nijibu, nimeshindwa kwenda chooni."

Sijamjibu mpaka leo.