Bosi hakuwa mvivu, tezi ndiyo iliyolala

Julai mwaka juzi, baridi ya Arusha ilipokaza, mbwa wangu Bosi aliacha kulala barazani. Alihamia jikoni, ubavu ukikaribia kugusa jiko la mkaa, mpaka siku moja nikasikia harufu ya manyoya yakiungua. Ni Labrador, wakati huo ana miaka saba. "Mzee kastaafu," mlinzi akasema, tukacheka.

Kwa kuwa alikuwa amenenepa, nikampunguzia ugali. Hakupungua hata kilo moja. Mkia ukanyonyoka ukawa kama wa panya, na mbavuni, pande zote mbili sawasawa, ngozi ikabaki tupu, nyeusi, nene. Wala hakuwa akijikuna! Hilo ndilo lingenishtua mapema, maana viroboto na upele huwasha. Mimi nikamwogesha dawa ya kupe mara tatu, bure.

Kipimo cha kwanza cha damu kilionyesha T4, homoni ya thairoidi, tezi ya shingoni inayoendesha kasi ya mwili, iko chini. Daktari wa mifugo hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza Bosi anatumia nini, nikakumbuka prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, aliyopewa kwa ajili ya masikio. Kumbe dawa hiyo yenyewe hushusha T4, na ugonjwa mwingine wowote mzito vilevile. Tulimaliza dawa, tukasubiri wiki sita, tukapima upya pamoja na TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoihimiza tezi ifanye kazi. T4 chini, TSH juu: tezi imechoka kweli. Mara nyingi ni kinga ya mwili wa mbwa mwenyewe inayoila tezi taratibu, kwa hiyo vidonge ni vya maisha.

Duka la dawa ndiko kulikokuwa na kichekesho. Bosi ana kilo 35, akaandikiwa levothyroxine, yaani T4 ya kutengenezwa, miligramu 0.7 asubuhi na jioni, yaani vidonge saba vya mikrogramu 100 kwa mkupuo. Muuzaji akaisoma karatasi mara mbili: "Mgonjwa ni tembo?" Mwili wa mbwa hunyonya kidogo ya dawa hii na kuitoa haraka, ndiyo maana dozi yake inaizidi mbali ya mtu. Basi usikadirie kwa vidonge vya shangazi yako mwenye rovu.

Chakula nacho huipunguza nguvu. Mimi humpa saa moja kabla ya kula, kila siku hivyo hivyo. Baada ya mwezi hivi damu hupimwa tena, saa nne hadi sita tangu ameze. Mimi nilimpeleka alfajiri kabla ya kidonge, nikalipa mara mbili. Ukimwona anahema ovyo, hatulii, anakunywa maji mengi na kukonda, dozi imezidi, mpigie daktari.

Wiki ya pili ya dawa alimkimbiza muuza maziwa. Manyoya yalinitia hofu, kwani mwanzoni yalipukutika zaidi, ya zamani yakiyapisha mapya. Mbavu zilijaa manyoya mwezi wa nne wa dawa. Mkia ulichelewa kuliko vyote, na ncha yake bado ina kipara cha ukubwa wa shilingi mia.