Jibu: Idi ya kwanza na binti yenu kiziwi

Dada yangu, umeuliza namna ya kumwandaa binti kiziwi mliyemuasili (mliyemchukua kisheria awe mtoto wenu) mwaka huu kwa Idi yake ya kwanza, wakati ndugu kutoka Newala na Masasi watajaa nyumbani kwenu Mikindani. Mimi ningeanza na hao ndugu. Kila mmoja ajifunze mapema jina la alama la mtoto, yaani ishara ya mkono inayomtaja yeye, na salamu chache za Lugha ya Alama ya Tanzania (CHAVITA, chama cha viziwi, ni mahali pazuri pa kuulizia), kisha mwonyesheni binti picha zao kwenye simu ili sura zisimwie ngeni.

Jambo linalosahaulika sana ni sinia la pilau: mkono uliomo kwenye chakula hauwezi kuzungumza, na mtoto asiyesikia hubaki nje ya mazungumzo yote ya mkekani, kwa hiyo mketisheni mkabala nawe, dirisha likiwa mgongoni kwake ili mwanga uangukie mikono yako, na usimame kula kwa muda kila anapotaka kusema. Usiku wekeni taa ya sola karibu, kwani umeme ukikatika mikono haionekani. Na shangazi akitamka mbele yake kwamba "huyo hasikii", mrekebisheni papo hapo kwa upole, maana mtoto anazisoma nyuso zenu.