Tunatibu homa ya ini C, mbona walio chanya hawapungui?

SWALI: Kila mwaka tunawapima watu wanaojidunga dawa za kulevya: VVU, homa ya ini B na C, kwa vipimo vya haraka. Tumeshawatibu wengi homa ya ini C, lakini idadi ya wenye majibu chanya iko palepale. Tunakosea wapi, daktari?

JIBU: Tiba haina kosa, ndugu yangu. Mnasoma kipimo ambacho hakiwezi kushuka haraka. Kipimo hicho cha haraka hutafuta kingamwili, yaani chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, nazo hubaki mwilini miaka mingi hata virusi vikiisha. Aliyemeza vidonge wiki 8 au 12 akapona, na wanaopona ni zaidi ya 95 kati ya 100, mwakani atasoma chanya vilevile. Hali kadhalika yule ambaye mwili wake ulivifukuza virusi bila dawa, na hao si wachache: kama mmoja kati ya wanne.

Ongezeni kipimo cha virusi vyenyewe. Wengi wa hawa mishipa yao imechoka, kwa hiyo msihangaike na bomba la damu. Choma kidole, jaza damu kwenye miduara ya kadi maalumu ya kukaushia damu. Tone moja kubwa kwa duara, si tone juu ya tone. Kadi ikauke usiku kucha mbali na jua ndipo ifungwe na kifuko cha kunyonya unyevu. Nimewahi kufungua bahasha za kadi zilizofungwa mbichi: ukungu mtupu, kazi ya wiki nzima imeharibika.

Mkishapata majibu yote mawili, mtafuteni asiye na kingamwili lakini ana virusi. Huyo kaambukizwa karibuni, maana virusi huonekana ndani ya wiki 1 hadi 2, kingamwili huchukua miezi 2 au 3. (Mwenye VVU aliyedhoofika sana kinga anaweza kuwadanganya hapa: huenda mwili wake hautengenezi kingamwili hata kama aliambukizwa zamani.) Watakuwa wachache, ila ndio wanaoonyesha kama maambukizi mapya yanaendelea. Waangalieni pia ambao hawajatimiza miaka mitatu tangu waanze kujidunga. Chanya yao kwa kawaida si ya zamani.

Aliyepona akikutwa na virusi tena, msikimbilie kuandika kwamba dawa imeshindwa. Kupona hakuleti kinga. Muulizeni kuhusu sindano, halafu kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia. Wengi hujibu "sichangii sindano" kwa ukweli kabisa, huku kijiko ni cha watu watatu.