Mwambie mzazi kabla ya somo, si baada yake

Wazazi wengi hapa Mombasa wakiona ujumbe wa shule kwenye simu, jicho hutafuta kwanza kiasi cha pesa. Siwalaumu. Kwa miaka mingi shule imewaandikia kwa mambo mawili tu, mchango unaodaiwa au utundu wa mtoto. Siku mwalimu anapoandika kuhusu masomo, ujumbe wake unakuwa umeshapuuzwa kabla haujafunguliwa.

Mimi nafundisha Masomo ya Jamii katika Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi 9, na nawaandikia walimu wenzangu wa somo hili, hasa wanaoanza kazi huku pwani. Somo letu linamhitaji mzazi kuliko mengine. Mlinganyo wa hisabati mzazi anaweza kuwa ameshausahau, na mtoto asidhurike. Lakini habari za ardhi ya Likoni, kazi za bandarini, ukoo na asili ya watu, hizo ziko nyumbani kabla hazijafika kitabuni. Mtoto anarudi na nusu ya habari kutoka darasani, anakuta nyumbani nusu nyingine, na zikigongana bila mwalimu kuwepo, kesho yake asubuhi mzazi yuko mlangoni kwa mwalimu mkuu. Ndiyo maana nasisitiza mzazi apashwe habari kabla ya kipindi. Ujumbe unaokuja baadaye ni wa kujitetea.

Chukua mada ya biashara ya watumwa. Katika darasa moja la Kisauni unaweza kuwa na mtoto ambaye kwao husimuliwa kwamba wazee wao walikuwa miongoni mwa watu waliokombolewa na kuwekwa Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamishonari Waingereza wa shirika la CMS (Church Missionary Society) mwaka 1875. Anayeshiriki naye dawati, babu zake walikuja kwa majahazi kutoka Oman. Nyuma yao ameketi Mgiriama ambaye bibi yake humsimulia jinsi wazee walivyojihami ndani ya kaya, vijiji vyao vyenye ngome katikati ya msitu. Wote watatu hupita Kengeleni, palipopewa jina kwa kengele ya Frere Town, kila siku wakiwa ndani ya matatu, na kwao ni steji tu. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya kale sana. Wako watu wazima mjini humu waliolelewa na watu waliouona. Sasa mtoto wa miaka 13 akifika nyumbani na kusema wakati wa chakula, "Mwalimu amesema sisi ndio tuliouza watu," nani atakuwepo kueleza kwamba mwalimu hakusema hivyo?

Kwa hiyo Alhamisi kabla ya wiki ya mada hiyo, mimi hutuma ujumbe wa namna hii:

"Asalam aleikum na habari za jioni, wazazi wetu. Kuanzia Jumatatu tutasoma biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi. Tutaangalia walionunua, waliouza, waliofaidika, walioteseka na jinsi ilivyokomeshwa. Hakuna mtoto atakayeambiwa kwamba ukoo wake una hatia. Akirudi na swali lililomkaa moyoni, mwambieni aje nalo darasani, au niandikieni mimi. Kazi ya nyumbani: amuulize mtu mzima anajua nini kuhusu kengele ya Frere Town. Kazi hii haina gharama yoyote."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mzazi akiisoma mara ya kwanza anashangaa, mara ya pili anaanza kuamini, na baada ya hapo anafungua ujumbe wako bila kusitasita. Sentensi ya hatia nayo naiandika kwa makusudi, maana ndiyo hofu ambayo hakuna mzazi atakayekuja kukutajia.

Mama mmoja alinijibu usiku uleule: "Mwalimu, bibi yangu alibatizwa pale Frere Town. Naweza kuja kuongea na watoto?" Alikuja na picha moja ndani ya bahasha ya kaki, wanawake wamesimama mbele ya kanisa, nguo zao ndefu hadi kwenye vifundo vya miguu. Hakutoa hotuba. Aliipitisha picha dawati kwa dawati, akamwonyesha kila mtoto aliyekuwa bibi yake, na watoto ambao mimi huwanyamazisha kwa kugonga ubao wakawa wanauliza kwa sauti ya chini alikuwa anaitwa nani kabla ya ubatizo. Kipindi kile nisingeweza kukipata kitabuni.

Ardhi inataka uangalifu uleule, pengine zaidi. Nusu ya watoto wangu wanatoka nyumba ambazo neno skwota, yaani mtu anayeishi kwenye ardhi asiyo na hati yake, si la kitabuni. Nikifika kwenye ukanda wa pwani wa maili kumi, jinsi Waingereza walivyoukodi kutoka kwa Sultani wa Zanzibar mwaka 1895, sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyowataka watu wasajili madai yao na kuwaacha wengi mikono mitupu, hadi makubaliano ya 1963 yaliyouingiza ukanda huo Kenya, najua kuna baba atakayesema mwalimu anachochea na mwingine atakayesema mwalimu anaficha. Wote wawili huwaandikia mapema kwamba tunasoma yaliyotokea na ushahidi wake, na kwamba kesi ya kiwanja cha mtu yeyote haitajadiliwa darasani. Na kuna familia zilizohama Likoni kwa sababu ya vurugu za mwaka 1997. Hao ukiwajua, usiwaandikie kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wapigie simu mmoja mmoja kabla ya kufundisha mada ya migogoro na amani, uwaulize wangependa uwe mwangalifu na jambo gani. Simu ya dakika tatu inatosha.

Kuhusu njia ya kufikisha habari, jambo la kwanza kujua ni nani hasa anakaa na mtoto. Rejista itakuonyesha jina la mama, lakini mama yuko Saudia anafanya kazi, na anayefungua daftari la mtoto usiku ni bibi yake au shangazi. Mwanzoni mwa mwaka mimi huwapa watoto karatasi ndogo yenye swali moja: nani huangalia kazi yako ya shule jioni? Nambari ya huyo ndiyo naitafuta. Mama aliye ughaibuni pia simwachi nje, kwa sababu ndiye mwenye uchungu zaidi wa kujua. Saa za Saudia na zetu ni zilezile, kwa hiyo ujumbe wa sauti ukitumwa saa tatu usiku mara nyingi unamkuta amemaliza kazi. Sauti hiyohiyo humfaa bibi ambaye macho yamechoka au hakupata kusoma. Isizidi dakika moja, na iwe Kiswahili cha nyumbani. Vitabu vyetu vya Masomo ya Jamii ni vya Kiingereza, na ukimsomea mzazi jina la mada kama lilivyo kitabuni utakuwa umemfungia mlango.

Wenye kabambe, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, watumie ujumbe mfupi wa kawaida, usiozidi herufi 160. Hapo salamu inafupishwa, inabaki mada, swali la kumuuliza mtoto, na kwamba hakuna gharama. Usiwaache nyuma eti kwa sababu kundi la WhatsApp lina watu wengi wa kutosha. Baba aliye zamu ya usiku bandarini Kilindini ujumbe wa saa tatu usiku hamfai, yeye husoma asubuhi akitoka. Mwezi wa Ramadhani usitume kitu karibu na futari. Wikendi watoto wengi wako madrasa asubuhi, basi kazi ya nyumbani ipewe siku za kutosha.

Kundi la darasa nalifungulia mlango mmoja tu: mwalimu anaandika, wazazi wanajibu kwa faragha. Wengine wataona ni ukali. Lakini kundi likiachwa wazi, kufikia wiki ya tatu ni mabango ya siasa, biashara za abaya na dua za kusambaza, na somo limezama humo. Picha za watoto siweki bila idhini ya maandishi ya mzazi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo, na sheria inayohusika ni ya mwaka 2019. Alama nazo hazipandi kwenye kundi hata siku moja. Mzazi hapaswi kusoma udhaifu wa mwanawe mbele ya majirani.

Sasa kazi za nyumbani zenyewe. Mtaala huu wa umilisi umewakimbiza wazazi saiba usiku kuchapisha picha za rangi mpaka wameuchukia, na wana haki. Katika somo letu hakuna haja. Swali lililonipa majibu mengi zaidi ni hili: nani nyumbani anakumbuka daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea? Lilifunguliwa mwaka 1931, na hili la sasa likachukua nafasi yake mwaka 1980, kwa hiyo wenye kumbukumbu hizo wangali hai na wangali na nguvu za kusimulia. Watoto walirudi na habari za ushuru wa kuvuka, za magari kupanda mlima maji yakipwa, za bi harusi aliyevushwa usiku. Mmoja alileta mabishano: babu yake anasema hivi, jirani anasema vile. Hapo ndipo nilipofundisha jinsi mwanahistoria anavyopima masimulizi mawili yasiyopatana, na sikuhitaji mfano wa mbali. Majibu hayo nayasoma darasani kesho yake, kisha namwandikia aliyesimulia sentensi moja ya shukrani. Mzee akiambiwa maneno yake yamesomwa shuleni, kazi ijayo yeye mwenyewe atamwita mjukuu.

Ziara ya Fort Jesus ni tofauti, hiyo ina gharama, na mzazi aambiwe mapema kabisa, kiasi chote pamoja na nauli, si vipande vipande. Mwambie pia mtoto ataenda kusoma nini: ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 mpaka ikaanguka 1698. Asiyeweza kulipa aseme nawe pekee yenu, na mpango wake uwe tayari kabla hajaomba.

Bado kuna swali la matokeo. Mzazi wa Kenya aliyelelewa na mfumo wa zamani wa 8-4-4 atauliza tu, "Amekuwa nambari ngapi?" Mweleze kwa utulivu, kila muhula, kwamba sasa kuna viwango, kwamba ME maana yake mtoto amefikia kinachotarajiwa na si kwamba amefeli, na AE maana yake anakaribia. Kisha mwonyeshe daftari. Karatasi moja ambayo mtoto ameeleza sababu mbili akasahau ya tatu inamfahamisha mzazi kuliko herufi zote hizo. Wa Gredi ya 9 lazima pia wajue hesabu ya kuingia Sekondari ya Juu: KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9 uliofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, ina asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina 20, na KPSEA, tathmini ya mwisho wa msingi katika Gredi ya 6, ina 20 zilizobaki. Mzazi akijua hilo mtoto akiwa bado Gredi ya 7, hataiona tathmini ya shuleni kama mchezo. Na ajue Sayansi za Jamii ni mmojawapo wa mikondo mitatu ya huko juu, maana wengi bado wanaamini mtoto asipokwenda sayansi amepotea.

Ikiwa kazi hii inaonekana nyingi, anza na ujumbe mmoja tu wa Alhamisi kwa darasa moja. Mimi huandika jumbe za muhula mzima wakati wa likizo, nikiwa na ratiba ya mada mbele yangu, nazihifadhi kwenye simu na kurekebisha siku ya kutuma. Muhula wa tatu ni mfupi na umejaa tathmini, kwa hiyo za muhula huo nazifupisha zaidi, lakini swali la kuulizwa nyumbani silitoi.