Nimelipokea isale, sasa anataka hati ya nyumba

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Dodoma, lakini nyumbani ni Kilimanjaro. Baba alipofariki, kaka yetu mkubwa aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Aliuza kiwanja cha baba kilichokuwa mjini bila kutushirikisha, na fedha hatukuziona. Tulipouliza alisema zimelipa madeni ya hospitali, ila hakutuonyesha hata risiti moja. Miaka minane hatukusalimiana. Mwanangu alipopata kipaimara sikumwalika.

Mwaka jana alituma wazee wawili na jani la isale, lile tunaloombea radhi sisi Wachagga. Nililipokea, nikasema nimesamehe, na nilimaanisha. Miezi minne baadaye akanipigia: anataka mkopo wa benki aongeze mtaji wa duka lake, nimdhamini kwa hati ya nyumba yangu. Nilikataa. Sasa ndugu wanasema nimedanganya isale. Nimeanza kuogopa, hata Mezani pa Bwana nimeacha kwenda. Krismasi mama anataka tuwe wote nyumbani, naye ni mgonjwa. Je, nimesamehe au sijasamehe?

JIBU

Amina, dada yangu. Nianze na la Meza ya Bwana, maana ndilo lililoniuma zaidi katika barua yako. Rudi. Siku yoyote Chakula cha Bwana kitakapoandaliwa usharikani kwenu, inuka uende.

Nahisi aliyekuzuia ni Mathayo 5:23-24, andiko tunalolisoma haraka mno. Yesu anasema ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende ukapatane naye kwanza. Tazama anayeambiwa aondoke ni nani. Ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Nao waliokuwa wakimsikiliza walikuwa Galilaya, wakati madhabahu iko Yerusalemu, mwendo wa siku kama tatu kwa miguu. Mtu amefika na mnyama wake, vumbi hadi magotini, anaambiwa amwache pale arudi nyumbani kumtafuta ndugu yake. Safari hiyo ni ya kaka yako, na kwa kiasi fulani ameianza alipotuma wazee. Wewe uliyekosewa una andiko lako, Marko 11:25: msimamapo na kusali, sameheni, mkiwa na neno juu ya mtu. Papo hapo uliposimama. Huhitaji nauli wala kikao.

Utasema, sasa si naye ana neno juu yangu, maana nimemnyima saini? Manung'uniko anayo, nakubali. Lakini kumnyima mtu dhamana si kumkosea. Kitabu cha Mithali kinaonya juu ya udhamini zaidi ya mara moja, na katika sura ya 22:26-27 kinauliza, kwa ukali kidogo, kwa nini uwe mdhamini usiye na cha kulipa hata uje kuondolewa kitanda ulichokilalia. Nimeona benki ikiondoa zaidi ya kitanda. Hata kaka yako angekuwa hajawahi kukukosea tangu mzaliwe, bado ungekuwa na haki ya kusema hapana, tena watoto watatu wanalala chini ya bati hilo.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Katika Baba Yetu ya Mathayo tunasali "utusamehe deni zetu". Neno la Kigiriki lililotumika pale kwa kusamehe lina maana ya kuachilia, kuliacha jambo liende. Anayesamehe anachana karatasi ya deni. Katika mfano wa Mathayo 18, mtumwa aliyeachiliwa talanta 10,000 anamkaba koo mwenzake kwa ajili ya dinari 100. Kosa lake ni ile mikono shingoni.

Kwa hiyo jipime hapo, ukiwa peke yako. Ukisikia duka lake limeyumba, unafurahi? Habari ya kiwanja bado unaisimulia kila penye harusi, hata kwa watu wasiohusika? Wanao umewakataza kumwita mjomba? Kama majibu ni hapana, au yanaelekea kuwa hapana, basi umesamehe, dada. Kama siku nyingine hasira inarudi usiku, hilo halifuti msamaha wako. Petro aliuliza asamehe mara ngapi, akajibiwa saba mara sabini, na mara nyingi huwa ni kosa lilelile moja linalotulazimu kuzihesabu zote.

Ila kuachilia deni la zamani na kumkopesha mtu upya ni miamala miwili. Ndugu zako wameifanya mmoja. Msamaha unautoa wewe, bure, hata leo. Kumwamini mtu ni jambo ambalo yeye ndiye anayelijenga, tofali kwa tofali, na huwezi kumjengea. Yohana 2:24 inasema Yesu hakujiaminisha kwa watu, kwa kuwa aliwajua wote. Hao ni watu aliokuja kuwafia! Aliwapenda mpaka msalabani na bado hakujikabidhi mikononi mwao.

Soma tena habari ya Yusufu, safari hii polepole. Kijana wa miaka 17 anauzwa na kaka zake kwa vipande 20 vya fedha. Miaka mingi baadaye, akiwa mkuu Misri, mzaliwa wake wa kwanza anamwita Manase, akisema Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba yote ya baba yake. Anajidhania amesahau. Kisha njaa inawaleta wale wale kumi mlangoni pake. Mstari ninaoupenda kuliko yote ni Mwanzo 42:24. Anajitenga nao, analia. Anarudi, anasema nao, halafu anamtwaa Simeoni na kumfunga mbele ya macho yao. Machozi na kamba ndani ya mstari mmoja. Moyo ulikwisha kulainika, lakini hakujitambulisha siku ile, wala hakuwapa funguo za ghala.

Alisubiri nini? Alitaka kujua kama bado ni watu walewale. Akaweka kikombe chake kwenye gunia la Benyamini, akawarudishia jaribu lilelile la zamani: mwacheni mdogo wenu utumwani, ninyi nendeni salama kwa baba. Na Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu, ndiye aliyesimama akasema achukuliwe yeye mtumwa badala ya kijana. Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Kitu kilikuwa kimebadilika, na kilionekana kwa macho.

Hata hivyo, miaka 17 baadaye Yakobo akafa, na wale kaka wakaingiwa na hofu kwamba sasa Yusufu atalipa kisasi. Wakatuma ujumbe wakijificha nyuma ya jina la baba yao marehemu. Yusufu akalia. Wakati huu mwenye shida ya kuamini alikuwa mkosaji. Nalisema hili kwa ajili ya kaka yako pia. Huenda hiyo hati anaitaka kwa sababu ya mtaji, huenda vilevile anatafuta uthibitisho kuwa msamaha wako ni wa kweli. Kama ni hivyo, anapimia kipimo kisicho chake.

Nami nimewahi kukosea katika jambo kama hili. Nikiwa mchungaji kijana niliwasimamisha ndugu wawili mbele ya usharika, nikawaambia wakumbatiane. Watu walipiga vigelegele, mama yao alilia, nami nilikwenda nyumbani nikijiona nimefanya kazi. Hesabu ya fedha walizogombania hakuna aliyeigusa. Haikupita miezi mitatu wakawa mahakamani, na yule aliyedhulumiwa akaacha kuja kanisani, kwa aibu ya kuonekana ameukana msamaha alioutoa hadharani. Alikuwa ameusukumiwa, na aliyemsukuma ni mimi. Tangu siku hiyo "yaishe" silisemi kwa haraka. Ni neno zuri, lakini wanaolisema mapema huwa ni wale ambao hawakupoteza kitu, au wanaotaka chakula kiendelee kupakuliwa.

Tukija kwenye isale. Wanaotoka nje ya Kilimanjaro pengine hawalijui: ni mmea wa majani marefu, na jani lake likiletwa na mtu anayeomba radhi, kulikataa ni jambo zito sana kimila. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walilikuta likifanya kazi hiyo. Sioni ubaya Mkristo kulipokea, ilimradi asidhani jani ndilo linaloondoa dhambi. Lakini waulize wazee wenu, masale yale mengine yamepandwa wapi? Yako kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Mmea unaoombea radhi ndio huohuo unaoonyesha shamba lako linaishia wapi na la jirani linaanzia wapi, na sijasikia Mchagga akisema kwa kuwa umepokea jani, basi mpaka umeng'olewa. Hukudanganya isale.

Kuhusu kile kiwanja, unaweza kujiuliza: nimesamehe, iweje nidai hesabu? Sehemu yako ukitaka kuiachilia, iachilie, ni yako. Sehemu ya mama na ya wadogo zako si yako kuisamehe. Zakayo alipompokea Yesu nyumbani hakuna aliyemdai siku ile. Alisimama mwenyewe akataja nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu. Torati nayo, katika Walawi 6:1-7, inamtaka aliyedhulumu arudishe mali pamoja na sehemu ya tano juu yake, kisha alete dhabihu. Toba ya namna hiyo ina tarakimu ndani yake. Naye msimamizi wa mirathi, hata kwa sheria ya nchi, si mwenye mali. Anadaiwa orodha na hesabu mbele ya mahakama iliyomteua.

Mimi siwezi kuwagawia. Yesu mwenyewe, alipoombwa na mtu mmoja amwambie ndugu yake agawane naye urithi, alijibu ni nani aliyemweka kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yao (Luka 12:13-14), halafu akawaonya wote juu ya choyo. Na nadhani hata mlalamikaji lilimgusa. Lakini Paulo anawauliza Wakorintho kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao awezaye kuamua baina ya ndugu. Mtafuteni huyo. Najua familia moja ambapo mtu huyo alikuwa shangazi. Alinunua daftari la shule, akaandika kiasi kilicholiwa, na kila mwisho wa mwezi mpwa wake alileta 30,000 kwenye bahasha, shangazi akaandika tarehe, wote wawili wakatia sahihi. Kwa mwendo ule deni lingechukua miaka mingi kuisha. Ila kufikia kurasa kama tatu hivi, dada aliyekuwa hataki kumwona alianza kumuulizia hali: "Mwezi huu ameleta? Anaendeleaje?" Bahasha ndogo isiyokosa tarehe ilifanya ambalo hotuba zetu zilishindwa.

Mwambie kaka yako hilo, kwa upole na bila kumwita mwizi: "Kaka, hati siwezi. Lakini kaa na shangazi, tuandike hesabu ya kiwanja, hata kama utalipa kidogo kidogo." Akikubali, umepata njia. Akikataa, Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote". Kuna upande wako, na kuna usio wako. Wala usifunge mlango moja kwa moja. Paulo alikataa kabisa kumchukua Marko safari ya pili kwa kuwa aliwahi kuwaacha njiani, hata akatengana na Barnaba. Na ndiye huyohuyo aliyekuja kumwandikia Timotheo amlete Marko, maana anamfaa kwa utumishi.

Na Krismasi, nenda. Yakobo aliporudi kumkabili Esau alitanguliza mifugo 550 ukiacha ndama wa ngamia, akainama mara saba, wakakumbatiana na kulia. Esau akasema basi twende pamoja. Yakobo akajibu watoto ni wachanga, tangulia, nitakuja Seiri. Esau akaenda Seiri, Yakobo akageukia Sukothi. Sipendi ile ahadi aliyoitoa na hakuitimiza, angesema wazi tu. Lakini Biblia haiwalazimishi kuishi boma moja. Inawaonyesha tena Mwanzo 35:29, wamesimama pamoja, Esau na Yakobo, wakimzika baba yao.

Ninyi bado mna mama aliye hai. Fika mapema, msalimie kaka yako wewe kwanza, watoto wamwamkie mjomba wao na yeye awape soda zao. Keti naye upande wa mama. Akitoa karatasi za benki mezani, usimjibu mbele ya watu. Mwambie taratibu, "Kaka, hilo nilishakujibu. Leo nimekuja kumwona mama," kisha umsogezee sahani yake.