Ukienda kutazama Tour du Rwanda, usisimame tambarare

Februari 2023 nilipanda basi kutoka Mwanza mpaka Kigali kwa shughuli moja tu: kumwona Chris Froome kwenye Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kuzunguka Rwanda. Mtu aliyezaliwa Nairobi na kujifunzia baiskeli Kenya, akaja kutwaa Tour de France mara nne, leo anapita barabara za jirani, nitakosaje? Nikakosa. Si kwamba hakuja. Alikuja, akapita karibu kabisa mbele yangu, na mpaka leo sijui alikuwa yupi.

Ilikuwa hatua ya kwanza, yaani mbio za siku ya kwanza, Kigali mpaka Rwamagana. Nilichagua sehemu iliyonyooka, nikijisifu kwamba nitawaona tangu wakiwa mbali. Nikakaa juani kwa muda wa karibu saa tatu. Zikapita pikipiki za polisi, yakapita magari ya matangazo na muziki wao, watoto wakaanza kupiga kelele, nami nikainua simu. Kisha ikasikika sauti kama mvua inayokuja juu ya bati. Nilipogutuka nilikuwa natazama migongo. Kwenye simu nilikuta picha moja: nusu ya gurudumu na kiatu cheupe.

Wapanda baiskeli wa kulipwa wakiwa kundini kwenye tambarare hugusa kilomita 50 kwa saa bila shida. Watu zaidi ya 80 wamebanana bega kwa bega, utamtambua nani? Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa, na mengine yote ni nyongeza: tafuta mlima. Rwanda milima haiuzwi, ipo kila kona, na mlimani kundi hukatika vipande vipande. Unawaona mmoja mmoja, mdomo wazi, jasho likidondoka kwenye usukani.

Safari iliyofuata nilikwenda Kwa Mutwe, ule mpando wa mawe unaoitwa Ukuta wa Kigali. Ni kama mita 400 tu, lakini mwinuko wake ni wastani wa asilimia 11, na chini ni mawe yaliyopangwa, si lami. Hapo ndipo pia walipopitishwa wakubwa wa dunia Septemba 2025, ubingwa wa dunia wa barabarani ulipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Kwenye mbio za wanaume, za kilomita 267.5, alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na waliomaliza walikuwa 30 tu.

Fika mapema, maana barabara hufungwa kabla ya mbio na hutaruhusiwa kuvuka ovyo. Kwa tunaotoka Tanzania na Kenya kuna mtego mwingine: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu yangu ilijirekebisha yenyewe, saa ya mkononi haikujirekebisha, nami kwa ujuaji wangu nikaiamini ya mkononi. Nikafika wakati hata polisi hawajapanga vizuizi. Haikuwa hasara. Nilishuka Biryogo, upande wa Nyamirambo, nikanywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Mtaa ule Kiswahili chake ni cha miaka mingi, si cha kuungaunga na wageni. Mzee mmoja aliposikia natoka Mwanza akaacha meza yake akanisindikiza mpaka Kwa Mutwe.

Yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. "Kijana, weka simu mfukoni," akaniambia. "Chagua kitu kimoja, uhesabu." Tukachagua nguzo ya umeme. Mtu wa mbele alipoipita tukaanza moja, mbili, tatu, mpaka ilipotokea jezi ya njano. Jezi hiyo huvaliwa na mwenye jumla ndogo kuliko wote ya muda wa hatua zote zilizokwisha, kwa hiyo anayekuja wa kwanza mbele yako si lazima awe anaongoza mashindano. Anaweza kuwa ameachwa dakika ishirini siku tatu zilizopita, na wenye jezi wakamwacha aende zake. Tulifika thelathini na nane. Walipopita mara ya pili tulifika ishirini na moja, na hapo mlima mzima ulikuwa umesimama.

Nenda pia na karatasi ya orodha ya washiriki. Namba za kila timu hufuatana, na mara nyingi inayoishia na 1 ni ya kiongozi wao. Ukiwa na karatasi hiyo hutahitaji kumuuliza jirani "yule nani?" kila sekunde. Ila usitegemee majibu ya jirani: pale kila kijana mwembamba mwenye jezi ya Rwanda huitwa jina la shujaa wa mtaa. Wana haki. Tangu mbio hizi ziingie kalenda ya kimataifa mwaka 2009, walisubiri hadi 2014 ndipo Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kuzishinda, na 2016 akarudia.

Chupa za maji zikitupwa, waachie watoto. Nimeona mtu mzima na tai yake akigombea chupa na mtoto wa darasa la tatu, akashindwa.

Na usiondoke wakubwa wakishapita. Wa mwisho siku ile alikuja peke yake, anakwenda pindapinda kutoka ukingo hadi ukingo ili kupunguza ukali wa mlima, na nyuma yake gari linalokusanya walioshindwa likimfuata polepole kama fisi. Akina mama wa pale walimpigia makofi kuliko aliyeongoza. Akafika juu, gari likafika juu, polisi wakasogeza vizuizi, na papo hapo pikipiki za abiria zikaingia kuupandisha ukuta uleule. Ya kwanza ilikohoa katikati, dereva akageuka, akamwomba abiria wake ashuke amalizie kwa miguu.